Bonge Lililopita, Mguu Uliobaki

Mgonjwa aliyelazwa kwa sababu ya bonge la damu mguuni huruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na vidonge vya kuzuia damu kuganda, tarehe ya kliniki na maelezo ya dalili za hatari. Miezi mitatu au sita ikipita, vidonge husimamishwa na faili lake hurudishwa rafuni. Kwa hesabu ya hospitali, mtu huyo amepona. Kwa wengi hesabu hiyo ni sahihi. Kwa wengine wengi, mguu haurudi kamwe kuwa kama ulivyokuwa, na shida inayofuata hutibiwa kana kwamba imezuka yenyewe.

Chukulia mfano wa mama lishe mwenye umri wa miaka 40. Miaka 6 iliyopita, wiki ya pili baada ya kujifungua, mguu wake wa kushoto ulivimba kuanzia pajani hadi kifundoni. Alichomwa sindano za tumboni, akapewa vidonge, akapona. Sasa kila asubuhi huamka mguu ukiwa mwepesi, na kila jioni huwa mzito kama gogo. Ngozi iliyo juu ya kifundo, upande wa ndani, imekuwa nyeusi kuliko sehemu nyingine za mguu, imekakamaa, na usiku humwasha. Mkwaruzo mdogo wa ukuni uligeuka kidonda ambacho hadi leo hakijafunga. Katika miaka hiyo amepewa vidonge vya kukojosha maji, amepewa antibiotiki mara kadhaa, ameambiwa huenda ni matende, na jirani amemshauri aende kwa mganga kwa kuwa bila shaka alikanyaga uchawi. Hakuna aliyemwuliza kuhusu mguu uliovimba alipojifungua. Naye hakulitaja jambo hilo, kwa sababu aliambiwa kuwa liliisha.

Mfano huo umetungwa, lakini hauna jambo lolote la ajabu. Unaonyesha kosa ambalo halihitaji mashine wala fedha nyingi kulirekebisha: historia ya bonge la damu haiulizwi, haiandikwi na haibebwi na mgonjwa kutoka kituo kimoja cha afya hadi kingine. Makala haya yanashikilia kwamba kwa kila mgonjwa mwenye ugonjwa sugu wa vena, swali la kwanza liwe kama aliwahi kupata bonge la damu. Jibu lake hubadili matibabu, na hubadili pia jinsi maisha ya mgonjwa yanavyopaswa kueleweka.

Sababu ya kusema hivyo imo katika mshipa wenyewe. Damu ya miguuni hupanda kuelekea moyoni ikishindana na mvuto wa dunia. Husaidiwa na misuli ya vigimbi, ambayo huzikamua vena za ndani kila mtu anapopiga hatua, na vali ndogo zilizomo ndani ya vena, ambazo hufungwa kama milango ya upande mmoja ili damu isirudi chini. Bonge la damu linapokaa ndani ya vena, mwili huanza kulimeng'enya polepole. Dawa ambazo watu huziita za kuyeyusha damu kwa kweli haziliyeyushi bonge; kazi yake ni kulizuia lisikue na kuzuia jingine lisifanyike wakati mwili unaendelea na kazi yake. Mara nyingi mwili haumalizi. Makovu hubaki kwenye ukuta wa vena, njia hubaki nyembamba, na vali zilizoguswa na bonge hukunjamana zisiweze kufunga tena. Damu hutuama, shinikizo ndani ya vena hupanda, maji hupenya na kuingia katika nyama za mguu, na chembe za damu zinazovuja huacha rangi nyeusi katika ngozi.

Rudolf Virchow, mwanapatholojia wa Ujerumani, aliandika mwaka 1856 kuhusu asili ya mabonge ya damu, na hadi leo mambo matatu yanayosababisha damu kuganda ndani ya mshipa hutajwa kwa jina lake: damu kutuama, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa na mwelekeo wa kuganda kwa urahisi. Bonge lililopita huacha nyuma yake mawili kati ya hayo matatu. Kwa hiyo mguu uliowahi kuugua una mzigo wa aina mbili. Unabeba ugonjwa sugu wa vena, na unabeba pia hatari ya bonge jipya kuliko mguu wa mtu ambaye hajawahi kuugua.

Takwimu zinazokubalika na wataalamu hazipuuziki. Kati ya wagonjwa 100 waliopata bonge katika vena za ndani za mguu, 20 hadi 50 hupata baadaye maumivu, uzito, uvimbe au mabadiliko ya ngozi yanayotokana na bonge hilo, wengi wao ndani ya miaka 2 ya kwanza. Kati ya 5 na 10 hupata hali kali, ikiwamo kidonda. Hatari huwa kubwa zaidi bonge linapokuwa juu, kwenye paja au nyonga, mgonjwa anapokuwa na uzito uliozidi, dawa zinapotumiwa bila kufikia kiwango kinachotakiwa katika miezi ya mwanzo, na hasa bonge linaporudi katika mguu uleule. Na marudio si jambo la nadra: kwa watu ambao bonge lao la kwanza halikuwa na sababu iliyo wazi, takribani 10 kati ya 100 hupata jingine ndani ya mwaka mmoja baada ya kuacha dawa, na takribani 25 ndani ya miaka 5.

Wataalamu wa mishipa waliliona suala hili zamani. Mfumo wa CEAP, uliotungwa mwaka 1994 katika mkutano uliofanyika Hawaii na unaotumiwa duniani kuainisha ugonjwa sugu wa vena, una herufi nne. Ya kwanza hueleza kinachoonekana kwa macho, kuanzia C0 hadi C6: mishipa iliyotuna ni C2, uvimbe ni C3, mabadiliko ya ngozi ni C4, kidonda kilichopona ni C5, na kidonda kilicho wazi ni C6. Herufi ya pili, E, hudai sababu. Hapo ndipo mhudumu anapotakiwa kuandika kama ugonjwa ulianza wenyewe katika vena au umeletwa na jambo jingine, bonge la damu likiwa miongoni mwa hayo. Ni rahisi sana, katika kliniki yenye foleni ndefu, kuishia kwenye herufi ya kwanza, kwa kuwa macho hutosha kuijaza. Ya pili huhitaji mazungumzo.

Kipo pia kipimo cha Villalta, ambacho kimewekwa mahususi kwa mguu uliowahi kupata bonge. Dalili 5 huelezwa na mgonjwa: maumivu, kukaza kwa misuli, uzito, ganzi au kuchomachoma, na mwasho. Alama 6 hutazamwa na mhudumu: uvimbe wa muundi, ngozi kukakamaa, ngozi kubadilika rangi, wekundu, vishipa kutanuka, na maumivu kigimbi kinapobanwa. Kila moja hupewa kati ya 0 na 3. Jumla ya 5 au zaidi humaanisha kuwa bonge limeacha athari. Jumla ya 15 au zaidi, au kidonda, humaanisha hali kali. Kipimo hiki hakihitaji chochote isipokuwa kalamu, mwanga na dakika chache. Lakini mhudumu akumbuke kwamba katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Mkono unaopapasa joto na ugumu wa ngozi, pamoja na kuulinganisha mguu huo na mwenzake, huona kile ambacho jicho peke yake hulikosa.

Kwamba karibu nusu ya kipimo hicho inatoka katika kinywa cha mgonjwa ni jambo la kuzingatiwa. Katika ugonjwa wa vena, kinachoonekana na kinacholemea mara nyingi haviendi sambamba. Yupo mwenye mishipa iliyotuna kama kamba ambaye halalamiki, na yupo mwenye uvimbe kidogo tu wa jioni ambaye ameacha kazi. Ndiyo maana kulitungwa madodoso ya ubora wa maisha, kama lile la VEINES lenye maswali 26, linalouliza kuhusu kazi, kusimama, kukaa, na aibu ya kuonekana mguu. Utafiti uliofanywa Kanada kwa waliopata bonge ulionyesha kuwa wale walioachiwa athari kali waliishi maisha ambayo ubora wake ulilingana na wa watu wenye ugonjwa wa moyo kushindwa kazi au saratani. Mtu hafikirii hivyo anapotazama mguu uliovimba kidogo.

Maana ya jambo hilo Afrika Mashariki ni rahisi kuiona. Wengi hujipatia riziki kwa kusimama au kukaa kutwa nzima: mwalimu mbele ya ubao, mama lishe kando ya jiko, mlinzi getini, kinyozi, fundi cherehani, dereva wa basi la masafa marefu. Hawana likizo ya ugonjwa inayolipwa, na mguu ukikataa, siku hiyo haina kipato. Juu ya hayo kuna hofu. Aliyewahi kuambiwa kuwa bonge lingeweza kuhamia mapafuni na kumuua hausahau usiku ule, na kila maumivu ya kigimbi humrudisha pale. Mhudumu asiyejua historia huiona hofu hiyo kuwa ni malalamiko ya kupita kiasi.

Kutojua historia kuna madhara mengine ya moja kwa moja. La kwanza ni kumtibu mgonjwa ugonjwa asio nao. Vidonge vya kukojosha maji havirekebishi vali zilizoharibika. Antibiotiki hazifungi kidonda cha vena kisicho na maambukizi. Katika pwani, ambako matende ni ugonjwa wa kweli, ni vyema kukumbuka kuwa matende huelekea kuvimbisha hata vidole na sehemu ya juu ya kanyagio, na ngozi yake huwa nene yenye mikunjo. Uvimbe wa vena mara nyingi huviacha vidole, na weusi wake hukaa karibu na kifundo upande wa ndani. Huenda mtu mmoja akawa na yote mawili, lakini historia ndiyo inayomwongoza mhudumu pa kuanzia.

La pili linahusu upasuaji. Mishipa iliyotuna juu ya mguu, kwa aliyewahi kupata bonge, inaweza kuwa njia ya mchepuko ambayo damu inaipitia kwa sababu njia kuu ya ndani imeziba. Kuiondoa bila kwanza kuzipima vena za ndani kwa altrasaundi ni kufunga mchepuko kabla ya barabara kufunguliwa.

La tatu linawahusu wanawake. Ujauzito huongeza hatari ya bonge, na wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa zaidi. Mwanamke mwenye historia hiyo anapaswa kujulikana kliniki ya wajawazito tangu hudhurio la kwanza. Akiwa bado anatumia warfarini, aeleze mara tu anapohisi kuwa ni mjamzito, kwa maana dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni na heparini hutumiwa badala yake. Katika uzazi wa mpango, vidonge vyenye oestrojeni havimfai; kitanzi na njia zisizo na homoni hiyo zipo.

La nne linahusu dawa. Rifampisini, inayotumiwa kutibu kifua kikuu, hupunguza nguvu ya warfarini. Diklofenaki na nduguze, zinazonunuliwa duka la dawa kwa ajili ya maumivu ya mguu uleule, huongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mfamasia asiyejua hawezi kuonya.

Hata mahali penye kila kifaa, historia isiposikilizwa maisha huwekwa rehani. Mcheza tenisi wa Marekani, Serena Williams, alipata bonge mapafuni mwaka 2011. Septemba 2017 alijifungua kwa upasuaji, na siku iliyofuata akaanza kuishiwa pumzi. Kama alivyosimulia mwenyewe hadharani, alimwambia muuguzi kuwa anahitaji picha ya CT na heparini. Muuguzi alidhani kuwa dawa za maumivu zimemchanganya akili. Alisisitiza, na picha ilipopigwa hatimaye, mabonge yalionekana mapafuni. Aliokolewa na vitu viwili: aliijua historia yake, na hakukubali kunyamazishwa. Mgonjwa wa zahanati ya kijijini anastahili kimoja kati ya hivyo apewe na hospitali iliyomtibu, na cha pili akute hakihitajiki.

Wapo watakaosema kuwa kuuliza hakuna faida pale ambapo soksi za kubana ni ghali na mtaalamu wa mishipa yuko mamia ya kilomita. Hoja hiyo ina uzito, na inahitaji kujibiwa kwa ushahidi. Mwaka 2014 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa 806 wa Kanada na Marekani, ambao nusu yao walivaa soksi za kubana za kweli na wengine soksi za mfano. Baada ya miaka 2, soksi za kweli hazikuwa zimezuia athari za bonge kuliko zile za mfano. Matokeo hayo yalitofautiana na ya tafiti ndogo zilizotangulia, na hayapaswi kufichwa. Kumlazimisha kila mgonjwa wa bonge anunue soksi za bei kubwa kwa ajili ya kinga si haki. Lakini kuzuia ni jambo moja na kutuliza ni jingine. Kwa mwenye uvimbe na uzito, kubana mguu huleta nafuu. Kwa mwenye kidonda cha vena, ndiyo tiba yenye ushahidi ulio imara zaidi, na bandeji zinazofungwa vizuri na muuguzi aliyefunzwa huifanya kazi hiyo. Kabla ya kufunga, mapigo ya ateri chini ya kifundo yapimwe, hasa kwa mwenye kisukari au mvutaji sigara, kwa kuwa mguu usiopata damu ya kutosha unaweza kuharibiwa na bandeji inayobana. Katika joto la pwani, soksi zinazovaliwa alfajiri kabla ya kushuka kitandani na kuvuliwa usiku huvumilika kuliko zinazovaliwa mguu ukiwa umeshavimba.

Zaidi ya hayo, mengi yanayosaidia hayauzwi. Kutembea huiamsha misuli ya vigimbi; kuinua visigino mara kadhaa mtu akiwa amesimama kazini hufanya hivyohivyo. Kulala miguu ikiwa juu ya usawa wa kifua hupunguza shinikizo. Kupunguza uzito huupunguzia mguu mzigo, na kuipaka mafuta ngozi kavu huizuia isipasuke. Na kuna yasiyofaa kufanywa: kuchanja chale au kuumika mguu wenye ngozi iliyokakamaa ni kufungua mlango wa kidonda, na kuukanda kwa nguvu mguu uliovimba ghafla ni hatari, kwa kuwa uvimbe huo unaweza kuwa bonge jipya.

Lakini yote hayo hutegemea swali, na swali hutegemea lugha. Mgonjwa hajui majina ya kitaalamu yaliyoandikwa katika faili lake. Anakumbuka mguu, sindano na kliniki. Kwa hiyo muuguzi na aseme: "Mama, umewahi kuvimba mguu mmoja ghafla, labda ulipojifungua, ulipofanyiwa upasuaji au ulipolala kitandani muda mrefu? Uliwahi kuchomwa sindano za tumboni kila siku, au kupewa vidonge vinavyohitaji kupimwa damu mara kwa mara?" Mzee anayeulizwa hivyo kwa heshima, na kupewa nafasi ya kujibu, mara nyingi hueleza zaidi ya alichoulizwa. Na mgonjwa asiyekumbuka, nduguye aliyemuuguza huenda akakumbuka.

Hospitali inayomruhusu mgonjwa wa bonge inaweza kumwandikia, kwa Kiswahili, mistari mitano katika kadi yake: mguu upi, mwaka gani, sababu iliyojulikana, dawa aliyotumia na muda wake, na tarehe iliyosimamishwa. Kadi hiyo aionyeshe kila anakotibiwa, kwa daktari wa meno, kwa mkunga na dukani kwa mfamasia. Mgonjwa naye ana wajibu wake: asiache dawa kwa hiari yake, asidharau uvimbe mpya, na akihisi maumivu ya kifua, pumzi kumwishia au kukohoa damu, akimbilie hospitali saa ileile na kuisema historia yake kabla ya kuulizwa.

Yule mama lishe hawezi kurudishiwa vali alizopoteza. Anaweza, hata hivyo, kufungwa bandeji inayofaa, kupewa njia ya uzazi wa mpango isiyomhatarisha, na kuambiwa kwamba mguu wake haukurogwa na wala hausingizii. Kazi hiyo huanza kwa muuguzi mmoja kumwuliza, na kuandika atakachojibu.